Gharama ya Pili ya Shahada

Kila mwaka, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapofungua dirisha la maombi, vijana wa Tanzania pamoja na wazazi wao huingia katika msimu wa karatasi: vyeti vya kuzaliwa vihakikiwe, vyeti vya vifo vya wazazi waliotangulia mbele ya haki vitafutwe, wadhamini waombwe picha na saini, fomu ipite kwa viongozi wa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, kisha yote yapandishwe katika mtandao kabla ya siku ya mwisho. Kijana mwenye ulemavu hupita njia hiyo hiyo, ila yeye ana kituo kimoja zaidi, nacho ni hospitali, ambako mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa hutakiwa athibitishe kwa saini na muhuri hali ambayo kijana huyo ameishi nayo pengine tangu siku aliyozaliwa.

Sharti hilo ni la haki, kwa kuwa fedha ya umma haina budi kulindwa, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya kinachofuata. Muhuri wa mganga humpandisha mwombaji katika safu ya wahitaji, pamoja na mayatima na watoto wa kaya maskini, ili apate fungu kubwa zaidi la mkopo uleule wanaoupata wenzake. Lakini muhuri huo haujibu swali la pili, ambalo kwa mwanafunzi ndilo zito: ulemavu huu utamgharimu nini darasani, maktabani, njiani na bwenini, na gharama hiyo ataibeba nani? Naamini, na nitajaribu kubainisha, kwamba gharama ambayo ulemavu huiongeza juu ya masomo haipasi kuwa deni la mwanafunzi hata chembe, na kwamba maadamu tunaikopesha, au tunaiacha mikononi mwa jamaa na wahisani, tunamtoza mtu mmoja bei kubwa kuliko mwenziwe kwa shahada ileile.

Wazee waliosoma Mlimani katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kimekwisha kusimama peke yake baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, huukumbuka wakati ambapo serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula na malazi bila ya kumwandikia deni. Mzigo huo ulipozidi kudura ya hazina, ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na hatimaye Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, iliyoiunda Bodi ya Mikopo, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake umegawanywa katika vifungu sita: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikio, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti. Ukivitazama kwa makini utaona kwamba vimepangwa kwa kufuata somo, wala si kwa kufuata mwili wa msomaji. Mwanafunzi wa uhandisi hufikiriwa tofauti na mwanafunzi wa fasihi, na ni vema. Lakini wanafunzi wawili wa fasihi, mmoja anayeona na mmoja asiyeona, huonekana katika vifungu hivyo kuwa na mahitaji sawasawa.

Mkopo ukishatumika, hurejeshwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara wa aliyehitimu. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na wengi waliokuwa wakilipa bila ya kuona deni likipungua walipata nafuu kubwa. Hata hivyo deni ni deni. Tena hutangulia jambo jingine, yaani kupata hiyo kazi yenye mshahara wa kukatwa. Na ingawa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba walau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, kila aliyepata kusindikiza kijana asiyesikia katika usaili anajua jinsi sheria inavyoweza kuwa wazi kitabuni huku mlango ukiwa umeegeshwa.

Na sasa tuitazame gharama yenyewe kwa karibu, maana watu wengi husema "mahitaji maalumu" kama wasemavyo jambo la mbali, bila ya kujua ni chombo gani na ni safari gani inayokusudiwa.

Iko mashine ya kuandikia nukta nundu iitwayo Perkins, iliyobuniwa na David Abraham katika shule ya wasioona ya Perkins huko Watertown, Massachusetts, ikaanza kutolewa kiwandani mwaka 1951. Ina vitufe sita, kimoja kwa kila nukta, na kirefu cha katikati cha kuachia nafasi. Mwandishi hubonyeza vitufe viwili, vitatu au vinne kwa pamoja, herufi moja ikatokeza juu ya karatasi, na mstari unapokaribia kwisha kengele ndogo hulia kumwonya. Uzito wake unakaribia kilo 5, na karibu yote ni chuma. Mwanafunzi asiyeona huibeba begani kutoka bwenini hadi ukumbi wa mihadhara, na fimbo nyeupe mkono wa pili, kisha huketi pembeni kwa sababu mlio wa vitufe vyake huwasumbua baadhi ya jirani. Karatasi yake si ile ya rimu tuinunuayo dukani, kwa kuwa nukta zilizopigwa juu ya karatasi nyembamba hufifia upesi chini ya kidole. Hutakikana karatasi nene, na ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huweza kuzaa kurasa mbili au tatu za nukta nundu, hata kitabu kimoja cha sheria kikawa majalada ya kujaza rafu. Mashine hutoka ng'ambo, na vipuri vyake hutoka huko huko. Ikivunjika chemchemi katikati ya muhula, mwenye nayo huwa kama aliyeibiwa kalamu zote.

Wako watakaosema kwamba zama za mashine hizo zimepita, kwa kuwa kompyuta mpakato yenye programu ya kusoma skrini humsomea asiyeona kwa sauti, na ipo programu ya NVDA ambayo hutolewa bure. Ni kweli, tena ni neema. Vijana wengi wasioona siku hizi huandika kazi zao kwa kompyuta na kuzituma kwa mhadhiri bila ya msaada wa mtu. Lakini programu ya bure haiji na kompyuta ya bure, na kompyuta husoma vizuri maandishi halisi, wala si picha mbovu ya maandishi. Desa, yaani karatasi za somo wanazopeana wanafunzi, lililotolewa fotokopi mara ya tano, likapigwa picha kwa simu likiwa limepinda, na kurushwa katika kundi la darasa usiku wa kuamkia jaribio, kwa mwenye macho ni desa lisilopendeza. Kwa programu ile ni kama karatasi tupu. Hapo hurudi yale ya zamani: atafutwe mtu wa kusoma kwa sauti.

Sauti ya mtu huyo ndiyo gharama ambayo watu huisahau kuliko zote. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza macho utotoni, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Misri mwaka 1914 na baadaye kuwa waziri wa elimu wa nchi yake kuanzia mwaka 1950, alikwenda kusoma Ufaransa akiwa na ndugu yake, na huko akampata Suzanne, aliyekuwa akimsomea vitabu na ambaye alimwoa mwaka 1917. Wanaoyasoma maisha ya mwanazuoni huyo aghalabu huyastaajabia mapenzi hayo, na yanastahili kustaajabiwa. Mimi huwaza pia saa zile zenyewe: maelfu ya saa za mtu mwingine, zilizotolewa ili mwenye akili kubwa aweze kusoma kile ambacho wenzake walikisoma peke yao. Katika vyuo vyetu saa hizo hutolewa na mwenzake wa chumbani, na rafiki wa kanisani au msikitini, na mdogo wake aliyeacha shughuli zake, na kwa kawaida hutolewa bure au kwa soda na chakula cha mchana kilichokatwa katika bumu, kama wanafunzi waziitavyo fedha zao za kujikimu. Rafiki akiwa na mtihani wake mwenyewe, kusoma hukoma. Hakuna lawama kwa rafiki. Lawama ni kwa utaratibu unaouweka mtihani wa mtu mmoja juu ya huruma na nafasi ya mwingine.

Kwa kiziwi jambo ni zito zaidi, kwa kuwa yeye hawezi kungoja jioni ili asomewe. Mhadhara ukimpita umempita. Anahitaji mkalimani wa lugha ya alama, tena kwa vipindi virefu anahitaji wawili wapokezane, kwani kutafsiri kwa mikono huku masikio yakifuata maneno ya mhadhiri ni kazi inayochosha akili na viungo, na mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno bila ya kujijua. Msamiati wa fizikia au wa sheria nao una alama zake, na pasipo alama wakalimani na mwanafunzi hulazimika kukubaliana wenyewe kwa wenyewe. Vyuo vyenye wakalimani vipo, nao wanafanya kazi ya kusifiwa. Lakini mkalimani wa darasani si lazima awepo pia katika semina ya kikundi cha watu wanane chini ya mwembe, wala katika fildi, ambako mwanafunzi hupelekwa wiki kadhaa katika ofisi au shule isiyo na mtu hata mmoja ajuaye kusema "habari za asubuhi" kwa mikono. Fedha ya mafunzo kwa vitendo anayopewa ni ya mtu mmoja. Nauli, chumba na chakula cha mkalimani atakayefuatana naye havimo.

Mwenye kutumia kiti mwendo ana hesabu yake nyingine, ambayo huanza asubuhi langoni. Fedha ya kujikimu ni shilingi 10,000 kwa siku, na katika hiyo mwanafunzi ale, alale, afue, asafiri. Mwenziwe aliyepanga nje ya chuo hudandia daladala kwa nauli ndogo. Yeye daladala haimchukui, au humchukua siku moja kwa hisani ya konda na kumwacha siku ya pili, basi hulazimika kukodi bajaji iliyo na mahali pa kufungia kiti chake, kwenda na kurudi, kwa bei iliyo mara kadhaa ya nauli ile. Kwa hivyo kijana ambaye kwa karatasi amepata fedha ya kujikimu sawasawa na jirani yake, kwa tumbo amepata pungufu. Huchagua baina ya mlo wa jioni na kipindi cha asubuhi, na aghalabu kipindi ndicho kinachoachwa, kisha matokeo yakitoka dhaifu watu husema ulemavu ndio sababu.

Mintarafu ya wanafunzi wenye ualbino sitarefusha, ila nitaje kwamba wengi wao wana uoni hafifu, huhitaji kijidarubini cha mkononi ili wasome ubaoni na karatasi za mtihani zenye maandishi makubwa, na kwamba mafuta ya kukinga jua kwao ni kinga ya saratani. Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa papa hapa nchini, hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa jina la Kilisun. Ni jambo la kujivunia, na linaonyesha kwamba si kila hitaji lazima lingoje meli.

Hapana budi niwe mwadilifu na kusema kwamba mengi hufanyika. Vyuo vikuu kadhaa vina vitengo vya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na serikali imekuwa ikinunua vifaa saidizi na kuvigawa. Lakini kifaa kinachokuwa mali ya chuo hufungiwa chumbani saa za ofisi zikiisha, na mwanafunzi hasomi saa za ofisi tu. Fauka ya hayo, msaada mwingi bado huja kwa njia ya hafla: kiti mwendo hukabidhiwa mbele ya wapiga picha, mgeni rasmi hushika mpini mmoja, kijana hushukuru kwa maneno aliyofundishwa, na picha hutoka gazetini. Siwalaumu watoao, na wapo vijana ambao lau si hafla hizo wasingefika darasani abadan. Nasema tu kwamba mtu wa miaka ishirini na miwili, aliyefaulu mitihani ileile waliyofaulu wenzake, hastahili kuwa mshukuru wa daima kwa kitu ambacho mwenziwe amepewa na maumbile, na kwamba ihsani ina tabia ya kuja inapotaka, ilhali muhula huanza kwa tarehe.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa namna mbalimbali. Uganda imetenga nafasi 64 kila mwaka za udhamini wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Ni njia ya wazi, ingawa nafasi zikisha kujaa wa 65 hana lake. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2003, ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Maendeleo kwa Watu wenye Ulemavu, ambao miongoni mwa kazi zake ni kusaidia karo za wanafunzi. Lakini mfano unaonivutia zaidi ni wa Uingereza, kwa sababu wao wametenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyachanganya. Mwanafunzi mwenye ulemavu huko hukopa ada na fedha ya kujikimu kama wenzake, na kurejesha kama wenzake. Kisha, kando ya mkopo, hupimwa mahitaji yake na mtaalamu, na kupewa posho ya wanafunzi wenye ulemavu, ambayo hairejeshwi kamwe wala haiangalii kipato cha wazazi. Kwa England, ukomo wake katika mwaka wa masomo 2024/25 ulikuwa pauni 26,948. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Hulipwa moja kwa moja kwa muuza vifaa, kwa mkalimani, kwa mwenye teksi, naye mwanafunzi hutakiwa achangie pauni 200 za kompyuta kwa kuwa kompyuta kila mwanafunzi huihitaji. Si kiasi ninachokitamani, kwani hazina yetu si hazina yao. Natamani mpaka uliochorwa: elimu waweza kukopeshwa, ulemavu hukopeshwi.

Nasi twaweza kuuchora mpaka huo. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 24 ya mkataba huo inataja elimu ya juu bayana na kuzitaka nchi zitoe marekebisho yanayostahiki ili mtu asome bila ya kubaguliwa. Sheria yetu ya mwaka 2010 nayo iliweka Mfuko wa Taifa wa Watu wenye Ulemavu. Kwa hiyo ninachokipendekeza hakihitaji chombo kipya: kiongezwe kifungu cha saba kando ya vile sita, kiwe ruzuku na si mkopo, kisitolewe katika fungu la Bodi, ambalo hutegemea marejesho ili liwakopeshe wanaokuja nyuma, bali kitoke hazina kupitia Mfuko huo, na kigawiwe kwa kadiri ya tathmini itakayofanywa na kitengo cha chuo pamoja na mwanafunzi mwenyewe kabla ya muhula wa kwanza kuanza. Mkalimani na msomaji walipwe na chuo kwa fedha hiyo. Kompyuta, fimbo, mashine na kiti viwe mali ya mwanafunzi, aondoke navyo akihitimu, kwa sababu siku ya kwanza ya kazi atavihitaji vilevile.

Wapo watakaohofia udanganyifu. Muhuri wa mganga tayari upo, na malipo yakienda kwa muuzaji na kwa mkalimani badala ya mfukoni, mlango wa hila hubaki mwembamba. Wapo watakaohofia ukubwa wa gharama, na hofu hiyo naiheshimu zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi; lakini waliovuka shule ya msingi, wakavuka sekondari, wakafika mlango wa chuo kikuu ni akali tu, kwa kuwa wengi waliachwa njiani, baadhi yao kwa kukosa shule iliyo karibu yenye mwalimu ajuaye nukta nundu au lugha ya alama. Gharama ya kifungu cha saba ni ndogo kwa sababu hiyo ya huzuni, nayo itakua kadiri shule zetu zitakavyofanya kazi yake vizuri, ikikua, ikue.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge huketi Dodoma kuanzia Aprili kuijadili bajeti yake. Kwa sababu hiyo hoja ya mwaka ujao lazima iandikwe sasa, ipitie Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, na serikali za wanafunzi, iwe na hesabu ya kila chuo kimoja kimoja: wangapi hawaoni, wangapi hawasikii, wakalimani wangapi wapo na wangapi wanapungua, mashine ngapi nzima na ngapi mbovu. Hesabu hiyo vitengo vya mahitaji maalumu vinaweza kuikusanya kwa mwezi mmoja, na mbunge yeyote ambaye katika jimbo lake limo chuo kikuu ana haki ya kuiomba.